Apolonia Kokushubila (1966–2025), Aliyeomba Wageni Wake Wapokewe kwa Udi

Ndugu na majirani, asanteni kwa kuja. Marehemu angetaka tuanze hivyo, maana kazi yake yote ilikuwa kupokea watu.

Apolonia alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 Kamachumu, wilayani Muleba. Utotoni aling'ang'ania benchi la mbele kanisani, na si kwa uchaji peke yake: alitaka moshi wa ubani umpitie vizuri. Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, kisha akafundishwa upishi na utunzaji wa nyumba na masista.

Mwaka 1988 alikuja Dar es Salaam akapanga chumba Tandale. Huko alikutana na Mwalimu Theonest, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1990. Mwalimu husema alioa mke akapata na askari wa upelelezi, kwani hakuna sigara aliyoivuta kwa siri ikaipita pua ile. Mungu aliwajalia watoto wawili, Edgar na Jovina, na baadaye wakajenga Segerea.

Mwaka 2006 Apolonia alikuwa msimamizi wa nyumba ya wageni Mikocheni. Tajiri wake akamwambia anataka mapokezi yanukie heshima. Apolonia hakujiuliza mara mbili. Kwake heshima ilikuwa na harufu moja tu, ile ya kanisani. Akawasha mkaa, akamwaga ubani, moshi ukatanda mpaka ngazini. Wa kwanza kuingia alikuwa Bi Tabu, mama wa Kipwani aliyekuwa akiuza manukato mtaani. Akavua viatu, akaketi chini, akashika tama.

"Poleni jamani. Maiti keshaoshwa?"

"Maiti gani tena, dada?"

"He! Sasa ubani wote huu wa nini, mdogo wangu? Sie huku ukinukia hivi ndani kuna msiba. Wageni watakuachia rambirambi waondoke!"

Walicheka mpaka wakatoka machozi. Siku hiyo hiyo Bi Tabu alimletea chetezo, vipande vya udi na mafuta ya sandali, akamwonyesha jinsi watu wa Pwani wanavyomkaribisha mgeni. Hawakuachana tena.

Mwaka 2010 walianzisha shughuli yao ya kunukisha hoteli, maduka ya nguo na saluni kwa harufu za miti, kuanzia Kinondoni hadi Temeke. Hata mashine za umeme za kupulizia harufu zilipoingia, Apolonia hakubadili utaratibu wake. Akishamaliza alitoka nje, akabisha hodi, akaingia upya kama mgeni. Alifanya hivyo mara tatu, huku walinzi wakidhani mama wa watu amepotelewa na kitu. "Harufu ikikusalimia kabla ya mtu, imezidi," alisema, na hapo hapo alianza kupunguza.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na tatizo la figo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, na Jovina aliyempeleka kusafishwa damu bila kuchoka. Wiki mbili kabla ya kututoka alituita kitandani. "Kanisani padri afukize ubani wake, ni haki yake. Nyumbani kwangu wekeni udi na sandali. Mie nilishawafanyia wazima msiba. Sasa msiba wangu uwe wa 'karibu wageni'."

Kaka yake, Mzee Projestus, alikataa katakata kwenye simu. Udi ni wa harusini, alisema, watu watatuonaje? Apolonia alifariki Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, suala hilo likiwa bado halijaisha. Liliwauma watoto, kwa sababu mama yao hakuwa mtu wa kuomba-omba.

Jana alasiri Bi Tabu aliwasha chetezo mlangoni bila kumuuliza mtu. Mzee Projestus akafika kutoka Muleba, uso umekunjwa. Alipoingia alisimama. Akageuka, akatoka mpaka nje ya geti, nasi tukajua ameghadhibika. Kisha tukasikia, "Hodi!"

"Karibu, kaka," akaitikia Bi Tabu.

"Nimemsikia dada yangu," alisema mzee, akalia.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, kaka yake Projestus, na Bi Tabu, ambaye familia inamhesabu kuwa dada.

Apolonia, umetukaribisha vya kutosha, nasi tunakushukuru. Sasa ni zamu yako kubisha hodi. Upokewe vizuri, mama, upumzike.