Historia ya Mama Kanuni, Msimamizi wa Kundi la Maua ya Chunguni

Ndugu waombolezaji, familia imeomba isomwe mbele yenu historia ya mama yetu, bibi yetu na jirani yenu, ambaye nyumbani tulimwita Bibi tu, lakini mtandaoni watu wasiomjua hata kwa sura walimwita Mama Kanuni, jina alilopewa mwanzoni kwa kuchukiwa, na alilokuja kuitwa mwishoni kwa mapenzi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi seremala, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akasoma shule ya msingi ya mtaa huo kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1966, ambako alichaguliwa kiranja mwaka wa pili na hakukiachia cheo hicho hadi alipomaliza, kwa sababu, kama anavyosimulia dada yake, hakuna aliyethubutu kumwambia zamu yake imekwisha.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa karani wa mapokezi katika hospitali ya wilaya, akakaa nyuma ya kioo chenye tundu, ambacho juu yake palibandikwa tangazo la utaratibu, na miaka yote ya kazi kila aliyeuliza swali alionyeshwa kwa kidole akasome tangazo. Mmoja wao alikuwa dereva wa lori aliyefika ameshika shavu, akasoma tangazo, akang'olewa jino, na kesho yake akarudi dirishani bila maumivu yoyote, akauliza kama lipo tangazo la jinsi ya kumposa karani. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1975, wakajaliwa watoto wanne, ambao ni fundi umeme, mwalimu, mshonaji na mpima ardhi, na wote wanne mpaka leo hukunja nguo zao kabla hawajaulizwa.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2006, akajikuta nyumbani hana dirisha wala foleni, akageukia maua, akaanza na kopo la rangi lililotobolewa chini, hadi baraza ikajaa na mumewe, Babu yetu, akawa anaingia nyumbani kwake ubavuubavu. Mwaka 2017 kitindamimba wake alimnunulia simu, akajiunga na kundi la Maua ya Chunguni, na tarehe 1 Februari 2018 akafanywa msimamizi, na hapo foleni yake ikarudi.

Aliandika kanuni kumi na saba. Mgeni alitakiwa apige picha mchana, chungu kizima kionekane, aeleze udongo, maji na upande wa dirisha, na aliyesahau kimoja alijibiwa neno moja tu, arudie, na aliyerudia vibaya alitolewa. Wakongwe wa kundi walimuiga, ikawa mgeni akipiga hodi anapokewa kwa kejeli, na wengi waliaga kabla hata hawajamaliza kusalimia. Bibi hakuona ubaya, alisema analinda heshima ya kundi, na kwa kweli kundi lilikuwa safi, ila lilizidi kupukutika.

Tarehe 20 Mei 2019 aliingia mgeni mmoja, akaeleza kwa adabu zote kwamba marehemu mke wake alimwachia ua la sebuleni, kwamba analimwagilia kila asubuhi, na mwaka umepita halijatoa jani hata moja, je, anakosea wapi. Picha yake ilitimiza kanuni zote za upigaji picha, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Bibi akaikuza kwa vidole, akaitazama, akamjibu kwamba hilo ni ua la plastiki, na kanuni ya kwanza inasema mimea hai tu. Kundi likaangua kicheko, mmoja akamshauri ajaribu mbolea ya ndoo zilizovunjika, na yule mgeni akaandika asanteni, samahani kwa usumbufu, akatoka.

Jioni Bibi alikisimulia kisa hicho mezani, watu wakashika mbavu, isipokuwa Babu, ambaye alikuwa akimenya chungwa, akauliza taratibu:

"Sasa mama watoto, kesho akiamka atamwagilia nini?"

Bibi hakumaliza chakula chake. Alimwandikia yule mgeni kumtaka radhi, ujumbe haukufika kwa sababu mgeni alikuwa amemzuia, akatumia simu ya Babu, ukafika, ukasomwa, kimya, na kwa mara ya kwanza maishani yeye ndiye aliyesimama upande wa nje wa dirisha akisubiri kuhudumiwa. Aliandika tena na tena, kila ujumbe mfupi kuliko uliotangulia, maana ule wa kwanza ulikuwa na vipengele, hadi akaandika tu, "Kaka yangu, nilikucheka, nimekosa. Nina chipukizi hapa, nakutunzia." Jibu lilikuja tarehe 16 Juni, likiuliza chipukizi hilo lina kanuni ngapi, na Bibi akasema halina hata moja, njoo tu.

Alikuja, fundi viatu mstaafu, amepakata chungu chake na ua la plastiki ndani, na Bibi, ambaye sote tulijua ana neno, alilimeza, akachimba kando ya lile ua akapanda chipukizi, akamweleza kwamba upande huu atie maji, na upande ule afute vumbi.

Siku hiyohiyo alifuta kanuni zote akabakiza moja, kwamba mgeni aambiwe karibu kabla ya jambo lingine lolote, na wakongwe walipolalamika kuwa kundi litajaa watu wasiojua kitu, aliwauliza ni nani kati yao aliyezaliwa na kopo la maji mkononi. Wachache walisusa, wakaanzisha kundi lao, ambalo mpaka sasa lina watu sita na kanuni ishirini na mbili.

Novemba 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa katika hospitali ileile aliyoitumikia, ambako alipopitishwa mapokezi kwa kiti cha magurudumu aliomba kalamu aongeze neno karibu kwenye tangazo, familia ikamsihi aache. Alifariki alfajiri ya tarehe 11 Oktoba 2024, ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, na vyungu ambavyo hatujamaliza kuvihesabu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia, makarani wenzake wa zamani, na wanakundi wa Maua ya Chunguni, ambao wengi wenu tunawaona leo kwa mara ya kwanza.

Tuna ombi moja kwenu. Jana jioni kundi lilipata mgeni, hakusalimia, picha yake nusu ni kidole gumba na nusu ni paka wa jirani, na ameuliza kama maua hunyweshwa kabla ya chai au baada ya chai. Mgeni huyo ni Babu, aliyeketi hapa mbele. Tunaomba mumjibu polepole, hata akirudia swali lilelile kesho na keshokutwa, kwa sababu asubuhi ya leo, kabla ya kuja hapa, tulimkuta barazani ameshika kopo, hajui pa kuanzia.

Pumzika kwa amani, Bibi, mgeni wako tutampokea.