Betri Nne Nyuma, Mama Mkwe Mbele

Mbukwenyi! Bwana asifiwe, enyi watu wa nchi kavu! Nawaita hivyo kwa upendo, maana mimi ni mmoja wenu. Nimezaliwa kwenye vumbi, nimekulia kwenye vumbi, na mpaka naoa nilikuwa sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Leo nimesimama hapa mbele yenu nikiwa hai, na ndugu zangu, bado nashangaa. Niacheni nishangae!

Mnanijua. Mimi ndiye fundi wa betri pale Ihumwa, karibu na reli. Bajaji ya umeme ikigoma, inaletwa kwangu. Taa za sola zikizima, naitwa mimi. Na kiburi kilikuwa kimenijaa mpaka puani. Mtu akijaribu kunishauri jambo la umeme, namtazama juu mpaka chini, kisha naendelea na kazi yangu.

Mke wangu Neema kwao ni ng'ambo ya bwawa la Hombolo. Tulipompata mtoto wetu wa kwanza, mama yake Neema alitamani sana kumwona mjukuu. Njia ya kuzunguka bwawa ni ndefu, na mama yule miguu inamsumbua. Nikasema, mama mkwe wangu hatazunguka! Nitamtengenezea boti ya umeme avuke ameketi, kitambaa chake kichwani, kama mke wa waziri.

Nikapata boti kuukuu ya wavuvi, nikaiziba matundu. Sasa sikilizeni ujinga wa fundi. Mota nilichukua ya bajaji iliyokufa, kubwa, yenye mbio, kwa sababu nilitaka sifa. Kwenye maji mota haitakiwi kukimbia vile! Inatakiwa izungushe feni kubwa ya chini ya maji, polepole, kwa nguvu. Mimi nikaifungia kifeni kidogo kinachozunguka kama kichaa. Betri nikachukua nne za gari, zile za kuwashia injini. Betri ya namna hiyo kazi yake ni kutoa nguvu mara moja na kupumzika. Ukiibana ifanye kazi mfululizo, inachoka upesi. Nilijua hayo! Nawaambia wateja kila siku! Lakini zilikuwepo dukani kwangu, nikaona zitatosha.

Na chaji niliipima kwa umbali, kama ninavyoipima ya bajaji. Kwenda, kurudi, na kwenda tena. Wavuvi wakaniuliza, fundi, na upepo wa mchana je? Nikacheka. Jamani! Mgogo anayecheka upepo! Upepo ule ule unaotung'olea mabati kila mwaka! Makasia sikubeba. Jaketi okozi sikununua hata moja. Nilisema chombo cha umeme hakihitaji vitu vya kizamani.

Asubuhi nilikwenda kumchukua mama. Maji yalikuwa yametulia kabisa. Hapo ndipo lilipokuja kosa kubwa kuliko yote, na hili hata shule ya ufundi hawafundishi. Ndugu zangu, kwetu mkwe ni mkwe. Humkaribii mama mkwe, humkalii ubavuni, humtazami usoni ovyo. Basi kwa heshima zangu zote nikamweka mama mbele kabisa, kwenye ncha ya boti. Mimi nikakaa nyuma kabisa, na betri zangu nne, na mota yangu. Mama mwepesi kama kuku wa kienyeji, mimi mnaniona nilivyo. Mbele ya boti ikanyanyuka juu, nyuma ikazama karibu na maji. Nikaona sawa tu, heshima imekaa mahali pake.

Tukavuka salama. Neema alikuwa anatungoja kwa shangazi yangu, upande huu wa bwawa. Mama akampokea mjukuu, akapiga vigelegele, akalia, akala, akamwombea. Ilipofika saa tisa akasema anataka kurudi kwake. Neema akambeba mtoto, akatusindikiza mpaka ufukweni.

Upepo ulikuwa umeamka. Niliuona. Nikaona aibu kusema niliwahi kuonywa. Nikawasha mota.

Tulipofika katikati ya bwawa, upepo ulikishika kile kichwa cha boti kilichonyanyuka, ukakizungusha. Nikirudisha, unazungusha. Nikaogopa, nikafungulia umeme wote. Na hapo ndipo nilipoziua betri, maana majini ukitaka mwendo mara mbili, umeme unaliwa mara nyingi zaidi ya hapo. Nikaona mshale wa mita unashuka, unashuka. Mota ikakohoa. Ikanyamaza.

Sasa nisikilizeni. Nilitulia! Haki ya Mungu, nilitulia kabisa, maana kichwani kwangu nilikuwa nasema, chombo kimezimika, kimesimama, nitafungua nyaya niangalie. Miaka yote ya bajaji! Bajaji ikizimika inasimama, unaweka mguu chini. Nikainua macho. Ufukwe unakimbia! Neema na mtoto wanakwenda pembeni! Mama weee! Boti haisimami! Imezimika na inakwenda, na inakwenda kule kwenye mawe, na mawimbi yanaingia nyuma kwenye miguu yangu. Sikujua, ndugu zangu. Mtu mzima, fundi, baba wa mtoto, sikujua kwamba majini hakuna kusimama.

Nilimwona Neema amembeba mtoto anapiga kelele, na sauti haifiki. Nikawaza, nitamwambia nini mwanamke huyu? Kwamba mama yake nimemzamisha mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa sifa zangu? Hapo nilivunjika. Nililia kwa sauti. Nikasema, Yesu, sina ujuzi wowote. Mimi si fundi. Muokoe mama huyu!

Kabla sijasema amina, mama mkwe akageuka. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Akasema, "Mkwe wangu, mbona vitu vizito vyote viko kwako? Vilete huku katikati. Na wewe njoo."

Nikasema, "Mama, siwezi kukukaribia."

Akafoka, "Heshima utanipa nikiwa hai!"

Ndugu zangu, lile neno lilinipiga kama kofi. Mama yule mwenye miguu mibovu akaja akitambaa mpaka katikati ya boti, akanishika mkanda wa suruali kwa mikono miwili ili nisitumbukie, nami nikavuta betri moja moja mpaka miguuni pake. Kisha nikaketi ubavuni kwake, goti kwa goti, mkwe na mama mkwe! Nyaya zilifika kwa shida. Kichwa cha boti kikashuka. Upepo ukakosa pa kushika. Maji yakaacha kuingia.

Betri ikipumzika hurudisha uhai kidogo, hilo ni la kawaida. Lakini mshale ule ulikuwa umelala! Betri zile nilizipima baadaye mara tatu, na kila mara nilizikuta zimekufa kabisa, nikakaa chini kwa mshangao. Nikataka kufungulia umeme wote tena, mama akanipiga mkono. Akasema, "Polepole, kama mwenye ndoo kichwani." Nikafungulia kidogo. Mota ikanguruma kidogo. Hatukupigana na upepo, tulikwenda nao upandeupande, mama anaomba kwa Kigogo, mpaka tukasikia tope chini ya boti. Mawe tuliyaacha mkono wa kulia, karibu sana. Tulipokanyaga nchi kavu, mota ilizima, na betri zile hazikuwaka tena mpaka leo.

Yesu wangu! Nani aliyezibakizia betri nguvu ya zile hatua za mwisho? Nani aliyempa mama mzee, ambaye hajawahi kushika spana, akili ya kuona kosa ambalo mimi fundi sikuliona? Sijui kueleza. Nashangaa tu.

Neema alifika akikimbia. Alinikabidhi mtoto, akamkumbatia mama yake, na mimi nikabaki nimemshika mtoto, nguo zinachuruzika maji, nikamwambia mwanangu, baba yako alikuwa mjinga, lakini bibi yako anaye Mungu.

Leo boti ninayo nyingine. Mota ni ndogo, feni yake ni kubwa, inakwenda taratibu. Betri ni za lithiamu, zile zinazovumilia kazi ndefu, nimezifunga katikati, chini ya kiti. Nahesabu safari kwa nusu ya chaji tu, nusu ya pili ni ya upepo. Makasia yapo. Jaketi okozi zipo, na asiyevaa hapandi, awe mchungaji, awe nani.

Ndugu yangu unayejiona fundi wa maisha yako, uliyeweka mzigo wote upande mmoja na hutaki kuambiwa, nakusihi, umlilie Bwana leo, wakati ufukwe bado unauona. Yeye hachagui wa kumtuma. Kwangu alimtuma yule niliyekuwa naogopa kumtazama.

Jumamosi iliyopita tulivuka tena. Nilimwandalia mama kiti cha mbele, chenye mto. Akakipita. Akavaa jaketi lake, akaketi katikati, akapigapiga nafasi ya ubavuni mwake ili nikae, akaniuliza, "Mkwe wangu, leo umeupima na upepo?"