Rahelamma Pothen (1958–2024), Aliyejaribu Kwanza Kwenye Karatasi

Dada yetu Rahelamma, mtoto wa tatu wa marehemu Pothen na Eliamma, alizaliwa hapa Kozhencherry tarehe 14 Juni 1958. Alisoma shule ya wasichana ya hapa hapa, kisha akahitimu hisabati Kottayam mwaka 1979. Mimi Chacko, mdogo wake wa mwisho, alinifundisha hesabu kwa subira ambayo sikustahili.

Mwaka 1984 aliajiriwa Thiruvananthapuram, katika kampuni ya kutengeneza programu za kompyuta za kuongoza mageti ya reli, yale yanayofunga barabara treni inapopita. Huko alijulikana kwa ubishi mmoja: hakukubali programu ianze kuandikwa kabla mchoro wake wa kwenye karatasi haujajaribiwa hatua kwa hatua. Wakubwa walimwambia anachelewesha kazi. Aliwajibu kuwa haraka haraka haina baraka, akaendelea kunoa penseli.

Tarehe 18 Januari 1986 alifunga ndoa na mwalimu Ittoop, na Mungu akawajalia Nimmy na Jijo. Krismasi ya 1991, kabla hatujagusa mikate ya mchele ya appam na mchuzi wa bata, alitusimamisha sebuleni tuujaribu mchoro ambao ofisi ilitaka kuuandikia programu wiki ile ile. Mama mkwe wake alikuwa geti. Mimi na Ittoop tulikuwa treni, kila mmoja na reli yake. Kanuni ilikuwa treni ikiingia geti lifungwe, ikitoka lifunguliwe. Niliingia, Mama akashusha mikono. Ittoop naye akaingia. Nilipotoka, Mama akainua mikono.

"Geti nimefungua, na mwanangu bado yumo humu ndani," alisema. "Sasa amekufa nani?"

"Hakuna, Mama," dada akajibu. "Bado tuko kwenye karatasi."

Mchuzi ulipoa, nasi tulilalamika sana. Lakini mchoro ulirekebishwa, na mpaka anastaafu mwaka 2018 mageti yake hayakuua mtu.

Agosti mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Alipoona siku zinakwisha, alichora mpango wa mazishi haya, akatutembeza ndani yake: wabebaji, mlango wa kanisa, mashada. Kila kitu kilikwenda sawa, ila yeye hakuridhika.

"Chacko, hapa kila mtu ana kazi," aliniambia. "Mzee wangu Ittoop je, kashikwa mkono na nani?"

 Akachukua penseli, akaandika jina langu.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 3 Februari 2024, moyo wake ukiwa umetulia. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi. Pumzika kwa amani, dada. Nanyi mnaoniona nafunua kurasa hizi kwa mkono mmoja, mnisamehe. Wa pili una kazi.