Maxine Dreher, Sauti ya Fainali za Machi

Baada ya miaka thelathini na tisa kwenye kipaza sauti, Bi Maxine Dreher anastaafu tarehe 31 Machi. Tangu 1985, karibu kila mchezaji aliyefika kwenye mashindano ya kufunga msimu ya Ligi ya Vyuo vya Bonde la Wabash amesikia jina lake likitamkwa naye, hata wale wenye majina ya kuvunja ulimi.

Mashindano yetu ya kikapu yalianzia kwenye banda la mnada wa ng'ombe mwaka 1951, vyuo vinne tu. Bingwa huenda kwenye mashindano ya taifa. Wengine msimu wao umekwisha. Maxine alipoajiriwa tulikuwa tumeshahamia ukumbi mkubwa wa mji, lakini wanaume peke yao. Wanawake walichezea ng'ambo ya barabara, kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, bila mtangazaji.

Mwaka 1988 fainali yao ilipangwa saa ileile ya nusu fainali ya wanaume. Maxine akaazima spika ya kanisani kwao, akaelekea mlangoni. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Vernon Tackett, akamzuia.

"Maxine, ukivuka barabara hiyo, usirudi."

"Sawa, bosi. Koti langu utanitumia nyumbani."

Aliyeachiwa kipaza sauti akawaita wachezaji wa timu moja kwa majina ya wapinzani wao. Tulizomewa mpaka mapumziko. Tackett akaikata theluji kwenda kumrudisha.

Alimkuta akitangaza mbele ya watu wasiofika mia tatu kana kwamba wamejaa hadi darini. Timu ya nahodha Colleen Stroup ilikuwa nyuma kwa pointi moja, muda ukiyoyoma. Colleen, aliyekuwa anamaliza chuo, akarusha. Mpira ukazunguka kwenye pete, ukatoka. Kengele ikalia. Akakaa sakafuni, jezi usoni.

Washindi wakiwa bado wanarukaruka, Maxine akafanya jambo ambalo hakutumwa na mtu. Alimwita Colleen kwa jina lake kamili na mji aliotoka, kisha wenzake waliokuwa wanaaga chuo, mmoja mmoja. Watu wakasimama, wapinzani nao wakasimama. Colleen akanyanyuka.

Tackett alikuwa pembeni, koti la Maxine mkononi.

"Vaa, nje baridi. Turudi kazini."

"Na mwakani?"

"Mwakani wote paa moja. Twende basi, wanatumaliza kule!"

Alitimiza ahadi. Tangu siku hiyo hatukabidhi kombe kabla ya kusoma majina ya wanaoaga chuo upande ulioshindwa.

Si kwamba Maxine hakuwahi kuteleza. Mwaka mmoja alisahau kuzima kipaza sauti, na ukumbi mzima ukamsikia akisema refa yule aazimwe miwani ya bibi yake. Refa mwenyewe alicheka hadi akashindwa kupuliza filimbi.

Anaondoka akiwa bado na sauti. Mumewe, Gene, ameanza kusahau. Tulipombembeleza Maxine abaki walau msimu mmoja, alisema: "Wapenzi wangu, nimewaita maelfu ya watu kwa majina yao. Sasa yuko mmoja nyumbani anayehitaji kuitwa kila asubuhi."

Hatukumbembeleza tena.

Ahsante, Bi Maxine. Machi ijayo keti na Gene mbele ya televisheni, mvunjane mbavu kwa vicheko, mle popkoni mpaka mshibe. Siku zenu pamoja ziwe nyingi, na ziwe njema.