Presha ya Nani Kubwa

— Eti, "Dada, usinipandishie sauti, misuli ya mishipa yangu inakaza!" Kaniambia hivyo mdogo wangu, kajilaza kama malkia, mito mitatu!

Bi Moto alianza kulalamika hata hajakaa. Benchi lenyewe ni ubao juu ya matofali, nje ya chumba cha Lastiki, fundi cherehani. Kila asubuhi utamkuta hapo na Koki, fundi bomba, na Mama Buli muuza kahawa. Ugomvi wote wa ukoo anautunza Bi Moto kichwani, lakini siku hizi alikuwa na mmoja tu: tangu mdogo wake aambiwe ana presha, wajukuu wamehamia kule na machungwa, hadi wa kwake mwenyewe. Kwake habishi hodi mtu.

— Mishipa ina misuli? Koki akacheka. Nimefunga mabomba mpaka nywele zimeota mvi, sijaona bomba lenye nyama! Huyo ana kutu.

— Daktari kasema, nimesikia kwa masikio yangu! Ukutani mwa mshipa mna nyama, inabana na kuachia. Ya kwake inabana tu. Ikizoea inanenepa, njia ya damu inakuwa nyembamba, moyo unasukuma kwa shida. Huyo tangu utotoni, lazima chake kiwe cha ajabu!

— Basi hiyo ni kama lastiki ya suruali, akasema Lastiki, mwenye jina lake. Ikibana, unafumua. Wamfumue.

— Wamning'inize miguu juu, Koki akadakia. Damu ishuke kwa mteremko.

— Au wampige pasi, akasema Mama Buli. Nyama ikipata moto si inalegea?

Bi Moto hakucheka. Alikuwa anasugua kisogo.

— Na mimi kichwa hiki kinanigonga mwezi mzima, nani kaniletea hata ndizi? Presha yangu kubwa kuliko yake!

Akapita binti wa mdogo wake, muuguzi, begi begani, anakwenda kazini.

— Shikamoo mama mkubwa.

— Marahaba. Kamwambie mama yako asiringe, hata mimi ninayo!

— Kwani umepimwa lini?

Bi Moto akakimbilia kikombe chake cha kahawa. Binti akawatazama wengine. Koki akainamia viatu vyake. Lastiki akatafuta sindano ambayo haikupotea.

Binti akatoa kipimo cha presha, akamfunga mkononi, akapima. Akapima tena. Akafungua taratibu, asimwachie mkono.

— Nimemshinda?

— Umemshinda, mama mkubwa. Inuka twende hospitali, sasa hivi.

Hakucheka mtu. Mama Buli akampokea kikombe, akamshika mkono kumwinua.

— Koki, akasema Bi Moto, sauti imemshuka. Wewe si unapita kwa mdogo wangu? Mwambie nimemzidi. Hapana, usianze na hilo. Mwambie dada yake akitoka hospitali anakuja kulala huko, amwekee mto mmoja.