Kitanda cha Kamwene: Matroni Nyamizi Nkuba Anakabidhi Funguo

Tarehe 30 Juni 2025 Matroni Nyamizi Nkuba atakabidhi funguo za bweni, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika Shule ya Wasichana Mwangaza, hapa Kilolo. Kwa kawaida jarida letu lingeanza na vyeti vyake. Mwenyewe ameomba tuanze na kosa lake, kwa sababu anasema tunalisimulia vibaya.

Alikulia Usangu, kwa wafugaji wa Kisukuma waliohamia huko na ng'ombe wao. Alifika kwetu Julai 1998 amevaa kandambili, maana hakuna aliyemwambia Julai ya Kilolo ikoje. Alikuta wasichana thelathini na tisa, wote yatima, chini ya bati linalovuja. Magodoro yalikuwa yamelala kabisa. Maji ya kuoga yalichotwa bondeni, ya baridi ya kuuma mifupa. Mablanketi yalirundikwa pamoja kila asubuhi, na jioni kila mtoto alinyakua atakalopata. Hilo la mablanketi lilimuudhi kuliko bati. Akasema mtoto asiye na mzazi walau awe na blanketi lake.

Akachukua sindano na uzi mwekundu, akapita kitanda hadi kitanda akiuliza majina ili ayashone. Binti mmoja wa miaka sita, Kiswahili bado kinampiga chenga, alipoona mtu mzima mgeni amemwinamia, alifanya kama alivyofundishwa nyumbani. Akasema, "Kamwene." Kila anayeishi Iringa anajua hiyo ni salamu ya Wahehe. Matroni hakujua. Akaandika. Akauliza jina la baba, akajibiwa tena, "Kamwene." Akashona: Kamwene Kamwene. Jina halisi la mtoto, Esnath, lilikuwa tayari kwenye orodha ya mwalimu, nalo likashonewa blanketi. Mtoto mmoja akawa wawili.

Asubuhi yake akaita majina. Alipofika kwa Kamwene Kamwene, bweni zima likaitikia kwa adabu kubwa, "Kamwene!" Akaomba aitikie mmoja tu. Wakatazamana tu. Basi akaanza kumtafuta mtoto aliyepotea: chooni, jikoni, bondeni kwenye maji, mpaka saa sita mchana, huku analia. Aliyemwokoa ni mpishi wetu wa wakati huo, Bibi Yudith. "Matroni," alimwambia, "huyo siyo mtu, ni salamu."

Tumecheka miaka yote hiyo. Lakini uzi hakuufumua, na kitanda alichokuwa amemtandikia Kamwene akakiacha hivyo hivyo.

Wiki tatu baadaye msichana wa miaka tisa alishushwa getini na lori la mbao, hana barua wala ndugu. Mkuu wa shule wa wakati ule alisema orodha imejaa, arudishwe alikotoka. Matroni alifungua daftari, akaweka kidole kwenye jina la Kamwene, akasema nafasi ipo, mwenye nayo tu hajafika. Mtoto akalala.

Fundi Gerson alipomtengenezea kitanda chake mwenyewe, kile cha Kamwene kilitandikwa upya. Tangu hapo wasichana ishirini na watatu wameanzia pale, kila mmoja akiwa amefika bila taarifa. Bati limebadilishwa, na maji ya moto yapo kila asubuhi kwa sababu Matroni alisumbua wafadhili mpaka wakachoka. Hakuwa malaika. Alikagua masikio kama askari wa barabarani, na soksi mbichi kitandani zilimpandisha hasira. Tulimwogopa, na tulimpenda sana.

Sasa bweni jipya limekamilika: vitanda sitini, wasichana sitini, orodha kwenye kompyuta. Kamati ya shule imependekeza Kamwene afutwe, kwa kuwa hana cheti cha kuzaliwa wala mfadhili. Matroni, ambaye hakuwahi kubishana kikaoni, alisimama. "Mnaniaga mimi, sawa," alisema. "Kamwene hajastaafu." Kamati ikajibu kwamba atakayempokea funguo alete sababu kwa maandishi.

Sababu ni hii. Aliyeshushwa na lori lile la mbao ndiye anayeandika wasifu huu, na ndiye atakayepokea funguo. Sikumbuki mengi ya siku ile, ila nakumbuka blanketi lenye uzi mwekundu, na kwamba nililala nikiamini lilikuwa likinisalimia mimi.

Mama Nyamizi, asante. Tunakutakia maisha mema Usangu, kwenye joto lako. Ukitukumbuka, usihangaike kutoa taarifa. Gerson ameshachonga kitanda cha sitini na moja, nami nimekitandika.

Yusta, mwalimu na matroni mpya