Nafasi ya Paja Moja

Mheshimiwa Mwenyekiti Óluva, Baba Mchungaji Heini, wazee wenzangu, ndugu wageni mliofika kwa helikopta kabla ukungu haujaufunga mlima, nanyi mliosimama nje kwa kuwa humu ndani hamna nafasi ya watu, ila ya nyama:

Si desturi yetu kufanya sherehe kwa ajili ya kibanda cha kukaushia nyama. Tunaning'iniza kondoo wetu, tunafunga mlango, na kazi iliyobaki tunauachia upepo wa bahari. Leo, hata hivyo, tunayo sababu.

Hanus na mkewe Sunnvá walirudi kutoka Kopenhagen katika majira ya kuchipua, pamoja na watoto wao. Kwa ajili ya watoto hao shule yetu, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena. Siku kengele yake ilipolia, nani kati yenu hakuacha kuchimba viazi akasikiliza?

Hanus ni seremala hodari. Alikikuta kibanda cha marehemu baba yake kikiwa na nyufa kati ya kila ubao na mwenzake, na kwa kuwa amejenga nyumba za mjini miaka mingi, aliuona ufa kuwa aibu ya fundi. Akaziziba zote. Jirani yake Tróndur alimwuliza, "Wee Hanus, hicho kibanda au jeneza?"

Akajibu, "Subiri mvua, mzee. Utakuja kuniomba nikuzibie na chako."

Tukacheka, tukijua kwamba atazifungua kabla ya kuchinja. Hakuzifungua. Kondoo wakateremshwa kutoka majabalini, wakachinjwa, akaning'iniza nyama ya mwaka mzima mahali pasipopita upepo. Ipo harufu ya nyama yetu inapokomaa, ambayo mgeni huikimbia nasi hutumezesha mate. Na ipo harufu nyingine. Sunnvá alipofungua mlango, alikutana na hiyo nyingine. Nyama yote ikatupwa baharini.

Kesho yake Sunnvá alimwuliza Mwenyekiti wetu, "Shangazi Óluva, meli ya Alhamisi inabeba makabati?"

"Inabeba. Ya nani?"

"Yetu."

Ndugu zangu, hapa kwetu hatumpi jirani nyama kwa kumhurumia. Hilo ni tusi. Lakini mtu anaweza kuomba kuning'iniza paja lake la kondoo katika kibanda cha mwenzake, akisema kwamba upepo wa huko ni bora, na nyama ikikomaa mwenye kibanda hukata sehemu yake kwa haki. Jioni ile Tróndur alibisha hodi akiwa na nyundo.

"Zibua nyufa zako, bwana. Upepo wa kwangu mwaka huu mvivu."

"Mzee, usinionee huruma."

"Huruma gani? Nina mapaja, sina pa kuyaweka! Ila ukijikatia sehemu kubwa mno, tutagombana."

Wakabandua mbao pamoja. Ndiyo maana leo mnahisi baridi shingoni, na mnaona juu yenu mapaja ya karibu kila nyumba ya kisiwa hiki. Je, upepo wa vibanda vyote umeharibika mwaka mmoja? Sitalijibu swali hilo mbele ya Mchungaji.

Lakini makabati ya Sunnvá bado yamefungwa kamba tayari kwa safari, na kesho ni Alhamisi.

Hanus, Sunnvá, wanangu: paja langu liko hapo mlangoni. Natamka mbele ya wote kwamba upepo wa kibanda changu haufai. Naomba nafasi ya paja moja. Msinijibu kwa maneno. Mkiliacha mlangoni, nitalibeba nirudi nalo, wala hakuna atakayewalaumu. Mkilitundika, mnaijua desturi: nyama haikomai kabla ya Krismasi, na mwenye kibanda haondoki nyama za watu zikiwa bado zinaning'inia. Krismasi ikipita, tutatafuta sababu nyingine.

Nawashukuru nyote kwa kunisikiliza. Sasa nanyamaza, ili tuusikie upepo ukipita.